Kibarua cha Kudukua Mahindi

Alifika Muheza dokta mmoja wa mimea, mama mpole kabisa, akitafuta kijana wa kumbebea vifaa. Malipo yalizidi ya kuchuma machungwa, nikakubali kabla hajamaliza kueleza kazi. Kazi yenyewe ni kwamba mahindi yanapeana habari kwa harufu, na sisi tumekuja kuyadukua.

Ati kiwavi akitafuna jani, hindi linatoa harufu ya kuwaita nyigu wadogo, nao wanakuja kutaga mayai ndani ya huyo kiwavi. Huko Marekani walilionyesha tangu 1990. Kulikata jani kwa wembe hakutoshi. Mpaka kidonda kipakwe mate ya kiwavi. Basi kutwa nzima nabana viwavi kwa kibano, kila mmoja ananitapikia tone la kijani, nalikinga kwenye kichupa. Nina diploma ya uhasibu mimi.

Sabuni ya kunukia marufuku, mafuta marufuku, yasije yakaingia kwenye pampu ya kunasia harufu. Mke wangu alishahamia upande wa ukutani.

Siku ya siku, dokta akautamani mchungwa uliokuwa katikati ya mahindi. Nipande, nilivishe tawi mfuko wa nailoni, nitulie tuli. Nikapanda. Mkono mmoja tawini, mwingine mfukoni, ndipo nikaona karibu na sikio langu furushi la majani yaliyoshonwa kwa nyuzi nyeupe. Mtu wa Muheza haambiwi hilo ni nini.

"Dokta, kuna majimoto huku!"

"Vizuri sana, hao ndio walinzi wa mti. Usitikisike, mdogo wangu."

Majimoto, yule sisimizi mkali wa mitini, haumi tu. Anang'ata, anamwagia tindikali palepale penye kidonda, kisha anawaita wenzake kwa harufu. Waliitana. Wakaingilia kwenye pindo la suruali, wakapanda bila haraka, na walipofika pale ambapo mwanamume hawezi kuvumilia hata kwa ajili ya sayansi, nikauachia mti.

Nikatua juu ya mahindi yaliyotakiwa yasiguswe, yale ya kulinganishia. Suruali niliivua huku bado nabiringika, nikaitupa nisikokujua. Wakati huohuo mwenye shamba anatokea na mkewe wametuletea madafu. Bibi akajifunika uso kwa kanga, akabakiza jicho moja.

Harufu ya majani mabichi ikatanda. Dokta macho yakamng'aa: "Mnaisikia? Jani likipondwa linaitoa papo hapo! Washa pampu, washa pampu!"

Nani aiwashe? Mimi nakung'uta majimoto nyuma ya kichuguu.

Mzee akanirushia shuka lake, akauliza kwa upole, "Mwanangu, hivi mahindi yakiumizwa yanaita, na nyigu wanakuja?"

"Ndiyo, mzee."

"Na wewe ulivyopiga yowe lote lile, amekuja nani?"

Nikageuka. Watoto wa madrasa walikuwa wamejipanga ukingoni mwa shamba, juzuu kwapani, na wa mbele kabisa ameinyanyua suruali yangu kwa ncha ya kijiti.