Sikuizima Seva Makusudi, Jamani

Najua stori ya seva mshaipata. Jamaa yangu wa zamu anaisambaza tangu jana jioni na kila akiisimulia anaongeza chumvi. Toleo la leo asubuhi eti nililia. Sikulia. Niliinamia meza tu.

Tulikuwa tumesasisha OpenSSL kwenye seva, maktaba ya usimbaji (yaani msimbo unaotumiwa na programu nyingi kwa pamoja). Nikatangaza kwenye kundi la kazi: "Tayari, tuko salama." Jamaa akajibu kwa ule upole wake unaouma: "Na programu zilizowashwa kabla ya sasisho, kaka, umeziwasha upya?"

Kimya.

Kwa msiojua: ukibadilisha maktaba kwenye diski, programu iliyokwisha kuipakia inaendelea na ile ya zamani, kasoro zake na yote. Jina la faili limefutwa, mwili bado upo mpaka wa mwisho anayeushikilia auachie. Ukichungulia /proc/*/maps (humo Linux huorodhesha kila programu imepakia nini) utaona njia ya maktaba hiyo, na pembeni neno "(deleted)".

Mwenye akili zake angeita needrestart, kifaa kinachosaka programu za namna hiyo, apewe orodha, achague huduma za kuwasha upya. Mimi nilishaumbuka, nikataka kujibu kwa kishindo. Nikaandika kitanzi cha mstari mmoja, nikiwa ruti (mtumiaji mwenye mamlaka yote): pita kila maps, ukikuta "deleted", taja namba ya programu, kisha kill, yaani iambie itoke. Nikaweka na sleep 1, pumziko la sekunde moja, ili nisome kwa raha. (Mnaoanza kucheka, ngojeni kwanza.)

Enter.

1.

Moja! Baba yao wote! Roho ikaniruka. Kumbe systemd, programu namba 1 inayosimamia huduma zote, ikipigwa TERM (ishara ya kutoka inayotumwa na kill) hujiwasha upya yenyewe na maisha yanaendelea. Kichwa changu kikatafsiri hivi: kama hii imepona, zote zitapona. Nikaegemea kiti.

1019. Huyu nani tena? sshd, bawabu wa mlangoni, anayepokea wanaoingia kutoka mbali kwa ssh. Alitoka kwa adabu, bila kosa lolote, na kwa sababu alitoka kwa adabu systemd haikuona haja ya kumrudisha.

1203. 1204. 1205. PostgreSQL hiyo, hifadhidata, inaondoka na watoto wake mmoja mmoja. Nayo ingenaswa hata kama nisingesasisha chochote, maana kumbukumbu yake ya pamoja huonekana kama "/dev/zero (deleted)" tangu inapowashwa. Mimi nilitafuta neno, sikusoma lililo mbele yake. Kati ya namba na namba nilikuwa na sekunde nzima ya kubonyeza Ctrl-C na kusimamisha kitanzi. Kidole kilifika juu ya C. Kikatulia hapo, kinatazama kama mpita njia kwenye ajali.

24417.

Muunganisho ukakatika. Hiyo namba ilikuwa mimi. Kikao changu cha ssh nilikifungua kabla ya sasisho, kwa hiyo na mimi nilikuwa nashikilia maktaba ya zamani. Nikajaribu kurudi: nimekataliwa. Bawabu nilishamuua mwenyewe. Simu ikaanza kulia (simu, sio mimi, mwambieni huyo jamaa).

Yaliyobaki ni mafupi: jamaa aliingia kwa konsoli, isiyopitia ssh, akawasha kila kitu, akapiga picha skrini kabla ya kunisemesha. Ndiyo hiyo picha mnayotumiana.

Ila needrestart ilipoendeshwa baadaye, orodha ilibaki na programu moja tu. Nikamwonyesha. Hakucheka.