Kabla ya Kusema Mfaransa Ana Kiburi

Mgeni anaingia duka la mikate mjini Paris saa mbili asubuhi. Anakwenda moja kwa moja hadi kaunta, anaonyesha mkate kwa kidole na kusema kwa Kiingereza cha adabu: "Samahani, naomba huo mmoja." Muuzaji anamtazama, ananyamaza kidogo, kisha anatamka taratibu: "Bonjour, monsieur", yaani "Hujambo, bwana." Mgeni anaondoka na mkate wake pamoja na hadithi ya kusimulia kwao: Wafaransa wana kiburi, wanachukia wageni.

Malalamiko haya ni ya zamani na hayakosi ushahidi. Ila hapo dukani aliyevunja adabu ni mgeni. Kwa Mfaransa, duka ni mahali pa mtu anayefanya kazi humo, na anayeingia hupiga hodi kwa neno bonjour. Sisi tungepaswa kulielewa hili upesi kuliko wengi. Mtu akikukuta sebuleni kwako bila hodi na kuomba maji, hata akitanguliza "tafadhali", utampa maji huku ukijiuliza amelelewa wapi. "Samahani" haizibi pengo hilo, kwa kuwa kuomba radhi si kusalimu.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Ukivuka mlango, sema "Bonjour, madame" au "Bonjour, monsieur", hata kama hujajua utanunua nini. Subiri uitikiwe. Ndipo utaje haja yako: "Une tradition, s'il vous plaît", yaani mkate mmoja wa aina ya tradition, tafadhali. Kuanzia mnamo saa kumi na mbili jioni, bonjour inapisha bonsoir, salamu ya jioni. Ukitoka, hata mikono mitupu, aga: "Merci, au revoir." Dereva wa basi husalimiwa pia, na anayeingia chumba cha kusubiri kwa daktari huwasalimu wote waliokaa. "Salut" waachie marafiki. Kwa usiyemjua ni kujifanya mmezoeana.

Mwaka 2013 mgahawa mmoja wa mji wa Nice ulitundika ubao wa bei uliozungumzwa sana. Kahawa ukisema tu "un café": euro 7. Ukiongeza "s'il vous plaît": euro 4.25. Ukianza na bonjour na kumaliza na "s'il vous plaît": euro 1.40. Ulikuwa utani wa mwenye mgahawa, lakini fanya hesabu. "Tafadhali" imepunguza euro 2.75, na bonjour imepunguza 2.85. Yaani salamu imepewa uzito kuliko ombi la heshima, na peke yake ina thamani ya vikombe viwili vya kahawa. Wageni wengi hulikariri lile la pili na kulisahau la kwanza, kisha wanashangaa kwa nini heshima yao haikupokelewa.

Upande wa pili una hoja. Msafiri amechoka, lugha si yake, na analipa. Biashara inayoishi kwa watalii ingeweza kumvumilia bila kumfanya mwanafunzi mbele ya foleni. Kuna na zito zaidi: mgeni mweusi anaweza kusalimu vizuri, akajibiwa vizuri, na bado mlinzi akamfuata kati ya rafu. Huo ni ubaguzi, wala hautibiwi kwa bonjour. Asiambiwe kamwe kwamba pengine alisahau kusalimu.

Lakini kero nyingine nyingi zinatoka kwenye wazo lile lile, kwamba anayehudumu ni mtu mwenye mahali pake na saa zake. Chukua bili ya mgahawani. Mgeni amemaliza kula, anakaa nusu saa akidhani amesahauliwa. Hakusahauliwa. Kuletewa bili bila kuiomba ni kama kuambiwa meza inahitajika, kwa hiyo mhudumu anangoja. Inua mkono kidogo, useme "L'addition, s'il vous plaît." Bei iliyoandikwa kwenye menyu tayari ina huduma ndani yake, kwa hiyo mhudumu halazimiki kukuchekea ili apate bakshishi. Anayetoka nchi ambako tabasamu ni sehemu ya mshahara huuona uso huo kuwa mkavu.

Saa za kula ndizo huwaumiza wenye watoto. Majiko mengi hupika kuanzia saa sita mchana hadi saa nane, kisha hufungwa mpaka saa moja au moja na nusu usiku. Katika miji midogo hata maduka hufunga mchana. Ukifika saa tisa na mtoto analia njaa, adha hiyo ni ya kweli. Lakini mtazame mwoka mikate, ambaye ameamka usiku wa manane. Mkate unaoitwa tradition, kwa amri ya serikali ya 1993, hauruhusiwi viungio vya kiwandani wala kugandishwa katika hatua yoyote, hivyo hawezi kuuhifadhi kwenye friza kisha akauoka mgeni atakapopenda. Anahitaji kulala wakati fulani, na siku moja ya juma anafunga kabisa.

Kwa saa hiyo ya tisa, tafuta dirisha lililoandikwa "service continu", maana yake jiko halifungwi mchana. La sivyo, nunua mkate wenye siagi na jibini kabla ya saa nane na uuweke kwenye mkoba.