Mpango wa Miaka Mitano Haujui Kusi

Wafanyabiashara wadogo wa Lamu wamezoea kuitwa semina za kupanga biashara. Wakifika hupewa chai, kalamu na karatasi yenye visanduku: dira, dhamira, uwezo, udhaifu, fursa, vitisho, na mwisho jedwali la makadirio ya mapato ya miaka mitano. Mwenye duka la kanga pale Langoni hulijaza jedwali kwa kuongeza asilimia kumi kila mwaka, maana kumi ni hesabu nyepesi. Karatasi huingia kwenye faili, na kesho yake duka hufunguliwa vilevile lilivyofunguliwa jana.

Ndiyo maana wengi hapa hawaoni haja ya kupanga, na tusiwacheke, kwani ushahidi wanao. Mwaka 2011 wageni walitekwa nyara Kiwayu, kisha Manda, na serikali za Uingereza na Ufaransa zikawaonya raia wake wasije. Hoteli za Shela zikabaki na vitanda vitupu, na pamoja nazo nahodha, muuza shanga na mama wa mahamri. Juni 2014 likaja shambulio la Mpeketoni, kisha kafyu ya miezi kadhaa iliyowazuia wavuvi wa usiku kuingia baharini. Machi 2020 ikawa korona. Ni jedwali gani lingeyaona hayo?

Bandari nayo iliwaumiza hasa wale waliopanga. Mradi wa LAPSSET, wa bandari mpya ya Lamu na njia za kuiunganisha na Sudan Kusini na Ethiopia, ulizinduliwa Machi 2012, na michoro ilionyesha gati 32. Watu waliingia kwenye ardhi, wakajenga vyumba vya kupangisha upande wa Mokowe, wakangoja mabaharia na makarani. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, miaka tisa baadaye, na mwanzoni meli zilikuwa za kuhesabika. Wavuvi, ambao hawakuwekeza chochote bandarini, walijikuta maeneo yao yamechimbwa, hata Mahakama Kuu mwaka 2018 ikaamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mtu aliyeyaona hayo akikwambia riziki haivutwi kwa kamba, huna budi kumsikiliza.

Ila hoja hiyo inafika mahali inakwama. Misiba mikubwa huja miaka michache tu. Kusi, ule upepo wa kutoka kusini, ni ya kila mwaka. Inapoanza kuvuma Aprili, mvua ikanyesha na bahari ikachafuka, hakuna wa kumlaumu wala wa kusema hakujua. Hata hivyo kila Mei utawasikia wafanyabiashara walewale wakilia kwamba biashara imekufa, kana kwamba mwaka jana haikufa vilevile.

Tumchukue nahodha wa mashua ya watalii. Tarakimu hizi ni za mfano tu. Tuseme Desemba hadi Machi, wakati wa kaskazi, hubakiwa na 60,000 kwa mwezi baada ya kulipa mabaharia na mafuta. Aprili hadi Juni hupata 5,000. Julai hadi Novemba 25,000. Kwa mwaka mzima ni 380,000, yaani chini kidogo ya 32,000 kwa mwezi. Nyumba yake ikila 28,000 kila mwezi, mwaka unapita na 44,000 zinabaki. Lakini tangu Desemba mkono una pesa, jamaa wanaomba, kuna harusi, na matumizi yanapanda hadi 45,000 kwa mwezi. Mwisho wa Machi amebakiwa na 60,000. Miezi mitatu ya mwanzo wa kusi, hata akirudi kwenye 28,000, inamdai 69,000 zaidi ya anachopata. Juni inamkuta na pengo la 9,000, na huo ndio wakati chombo kiko juu pwani kikingoja kupigwa kalafati. Akikopa, faida ya msimu ujao ameshaila. Asipokopa, chombo kitaingia majini kikivuja.

Nahodha huyu hakuhitaji dira wala dhamira. Alihitaji tarakimu moja, kiasi ambacho nyumba haitakivuka hata pesa ikiwa tele, na ujasiri wa kumtajia mkewe na ndugu zake. La pili ndilo gumu, na sijaona semina inayoligusa.

Tena kupanga hakukuja na semina. Nahodha huyohuyo hujua tangu utoto kwamba kusi kali ni wakati wa kuvuta chombo pwani, kubadili mbao na kushona tanga, ili kaskazi imkute tayari. Mpango wa chombo anao kichwani, barabara kabisa. Wa pesa ndio hana. Wapo akina mama walioliona hili mapema: kwenye mchezo wao wa kuchangishana pesa kwa zamu, mwenye biashara ya chakula huomba zamu yake iangukie Mei, si Desemba wakati kila mtu anapata. Huo kwangu ni mkakati kamili, ingawa haujaandikwa popote ila kwenye daftari la mweka hazina.

Wanaotetea mpango wa kuandikwa husema bila karatasi hakuna mkopo. Kwa mkopo mkubwa wa benki ni kweli. Kwa ile midogo, tazama Mfuko wa Hustler wa serikali, ulioanza Novemba 2022: mkopo wa mtu binafsi ni wa simu, hauulizi mpango wowote, na muda wake ni siku 14. Utamfaa anayenunua unga leo akauza mahamri kesho. Miezi mitatu ya mwanzo wa kusi hauwezi kuivusha. Na wapo wengi mjini wasiogusa riba kwa imani yao, ambao karatasi iliyoandikwa kumridhisha mkopeshaji haina kazi kwao.

Mahali ambapo kuandika kuna nguvu ni kwenye ushirika, na hapa nawaunga mkono walimu wa semina moja kwa moja. Ndugu watatu wenye chombo kimoja, au shangazi na mpwa wenye duka moja, wanahitaji wino: nani ameweka nini, faida inagawanywaje, mmoja akifa au akitaka kutoka hesabu inafungwaje. Watu huona haya kuliandika hilo mapema kwa sababu ya udugu, na mambo yakiharibika ni udugu huohuo unaovunjika.

Saras Sarasvathy, aliyechunguza jinsi wajasiriamali wazoefu wanavyoamua na kuchapisha hoja yake mwaka 2001, alionyesha kwamba huanza na kiasi wanachoweza kustahimili kukipoteza kuliko faida wanayoitarajia. Aliyejenga vyumba Mokowe kwa akiba yake ya ziada aliumia; aliyeuza chombo ili ajenge hakuwa tena na cha kurudia. Bandari waliyoitazamia ni ileile.

Wenye mikahawa wana hesabu yao pia. Ramadhani hutangulia kwa takriban siku kumi na moja kila mwaka, na siku hizi imeshaingia ndani ya msimu wa wageni. Mwaka 2030 itaanza mapema Januari, kisha nyingine ianze mwishoni mwa Desemba ya mwaka huohuo. Anayeuza chakula cha mchana anapaswa kuamua kabla ya kusaini pango jipya: abadilishe jiko liwe la futari, awatafute wageni wa Shela, au amwombe mwenye nyumba kodi ya mwezi huo ipungue.