Si fahali, jamani, ni maksai

Nimeamka na ujumbe arobaini na moja kwenye simu, na wote una ng'ombe ndani. Kwa hiyo najua mtani wangu Mzaramo ameshawasimulia, na ile video mmeshaiona, inayotikisika kama imepigwa ndani ya daladala la njia ya vumbi. Msidhani ni ubovu wa simu. Aliyeishika alikuwa amekaa chini kwenye majani anacheka, wakati mwenzake anakata roho.

Naomba kusahihisha jambo moja tu. Amewaambia nimekimbizwa na fahali. Muongo. Afadhali ingekuwa fahali! Mtu aliyekimbizwa na fahali anaweza kurudi kwao Shinyanga, akavuta kigoda, akasimulia na wanaume wenzake wakatikisa vichwa. Walionikimbiza mimi Jumapili ni maksai. Vijana. Wamehasiwa. Mnyama ambaye kwetu anafungwa plau na mtoto wa darasa la tatu. Ni sawa na dereva kukimbizwa na trekta lake, tena trekta lenyewe halina mafuta.

Kwa wageni: mimi nahudumia wazee majumbani, nazunguka na kagari kangu huku Herefordshire, Uingereza, upande unaopakana na Wales. Kijiji sikitaji. Watu wake hawafiki mia mbili na Msukuma ni mmoja, nikitaja kijiji nimejitaja jina. Duka hakuna. Basi linapita Jumanne na Ijumaa. Kile kibanda chekundu cha simu mnachokiona kwenye kalenda kipo, ila ndani hakuna simu, kuna mashine ya kushtua moyo uliosimama. Hiyo mashine ishikeni, tutairudia.

Kanisa lipo. Kasisi ni mama mmoja mwenye makanisa sita, kwetu anafika Jumapili mbili kwa mwezi na anaendesha kama bodaboda wa Kariakoo. Ndiye aliyetangaza kwamba Jumapili ya tano baada ya Pasaka, ile Walutheri wanaiita Rogate, parishi nzima itatoka kwenda kuchapa mipaka.

Nikajua Kiingereza kimeniacha tena. Kuchapa mipaka? Nikamuuliza bibi mmoja ninayemhudumia asubuhi, ana miaka tisini na moja na akili kama wembe. Akanieleza. Zamani, kabla watu hawajawa na ramani, kila mwaka kasisi na wazee walizunguka mpaka wote wa parishi wakiombea mashamba, na kila walipofika kwenye jiwe la mpaka walilichapa fimbo. Wavulana wa kijiji walichukuliwa pia. Kwenye jiwe wanachapwa na wao, au wanabebwa wanagongeshwa juu yake, ili miaka sitini baadaye ukizuka ugomvi na parishi jirani asikosekane mzee wa kusema: mpaka ni hapa, napakumbuka, nililia. Hati ya ardhi imeandikwa kwenye matako ya mtoto. Siku hizi yanachapwa mawe tu.

Bibi akasema yeye magoti hayamruhusu, niende kwa niaba yake, na nimchukue mbwa wake akanyooshe miguu. Mbwa ana ukubwa wa mkate wa boflo na roho ya chui.

Basi pale kanisani nikapewa fimbo.

Jamani. Msukuma na fimbo. Miaka mitatu huku nimeshika glavu, nimeshika vidonge, nimeshika viti vya magurudumu. Fimbo sijashika. Ilikuwa mbichi, imemenywa gome, nyeupe, inanukia. Ilipokaa tu kwenye kiganja mabega yakapanda yenyewe. Mtani wangu alikuwa amekuja kutoka Coventry kunitembelea, akaniangalia akasema, "Leo huyu tutamtafuta." Zaramo lina ulimi mbaya.

Tulikuwa kama ishirini. Wenzetu wamevaa buti za mpira. Mimi suti ya bluu na moka, kwa sababu tangazo lilisema ibada na mimi nikisikia ibada navaa. Mawe matatu ya kwanza tukayachapa vizuri, kasisi akaomba, tukaimba, mvua ya rasharasha ikaja ikaondoka. Huku kuna njia za miguu zinazokatiza katikati ya mashamba ya watu, ni haki ya mpita njia, mwenye shamba haruhusiwi kuziba. Kwa hiyo unatoka kwenye ngano ya huyu unaingia kwenye kondoo wa yule, hakuna anayekuuliza.

Tukafika kwenye lango la mbao. Ndani, malisho ya kijani mpaka yanaumiza macho, na huko chini maksai kumi na wanne. Hereford wenyewe, wa mkoa huu huu, ndiko walikoanzia kabla ya kusambaa dunia nzima. Wekundu, nyuso nyeupe, kama wamechungulia kwenye gunia la unga. Sasa mjue, ng'ombe wetu wa nundu jike akifika kilo 300 mwenye mali anaanza kuringa. Hawa mtu mzima kilo 600 ni jambo la kawaida. Hawana nundu, ni meza. Meza zenye kope.

Mzee wa kanisa akasema hawa ni vijana, wana udadisi, tuzungukie barabarani. Kasisi akakubali. Watu wakaanza kugeuka.

Na hapa ndipo mimi, kwa mdomo wangu mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu, nikasema: "Niachieni mimi."

Halafu sikuishia hapo. Ningeishia hapo leo ningekuwa na heshima. Niliwahutubia. Niliwaambia nina miaka saba nilikuwa nachunga ng'ombe themanini wa baba peke yangu. Niliwaambia ng'ombe ukimwangalia machoni anakujua. Niliwaambia Desemba nakwenda nyumbani kuoa, na baba ameshakubali ng'ombe wa mahari niwachague mwenyewe, kwa sababu jicho ninalo. Bibi mmoja akapiga makofi. Mtani wangu akatoa simu taratibu, kama mtu anayetoa leso.

Nikafungua lango. Nikaingia na suti yangu, fimbo mabegani, mikono imening'inia juu yake, mwendo ule. Mnaoujua mnaujua. Mbwa pembeni, kamba nimeizungusha kifundoni mara mbili isichomoke. Nikafika katikati ya shamba. Nikapiga mluzi.

Kwetu mluzi ule maana yake ni "haya, tembeeni, twendeni zetu". Kumbe huku mwenye shamba anakuja kila jioni na kipikipiki cha magurudumu manne kimebeba magunia, na kabla ya kumwaga chakula anapiga mluzi.

Vichwa kumi na vinne vikainuka kwa pamoja. Midomo ikaacha kutafuna. Kukawa na kimya, mpaka nikasikia mabua ya nyasi yakidondoka kutoka kwenye kinywa cha aliye karibu. Nikasema moyoni, unaona, wametambua mwenyewe. Wakaanza kuja, mmoja, halafu watatu. Nikanyoosha fimbo kama Musa. Halafu yule wa mbele akarusha miguu ya nyuma hewani, kwa furaha, kama mtoto aliyeambiwa shule imefungwa, na ardhi ikaanza kutetemeka chini ya moka zangu.

Nikapaza sauti Kisukuma. Hawajui Kisukuma.

Fimbo sijui niliiacha wapi. Wanasema iliruka juu. Ninachokumbuka ni tai yangu inapepea begani na sauti za kwaya nzima nyuma yangu: "Achia mbwa! Achia mbwa!" Ni ushauri unaojulikana huku, ng'ombe wakikujia na una mbwa, mwachie, wao shida yao ni mbwa, naye mbio anazo. Niliwasikia vizuri sana. Lakini fikirieni na nyinyi: mbwa ni wa mteja. Mteja ni wa kampuni. Kampuni ndiyo imeshika viza yangu. Nikimwachia huyu mbwa akapotea, naachia na Uingereza! Nikamkumbatia. Nikakimbia na boflo linalobweka kifuani.

Mwisho wa shamba kuna geti dogo. Wenyewe wanaliita geti la kubusu. Muundo wake ni huu: kuna kizimba chembamba cha nusu duara, na ndani yake kimlango kinachoyumba, kinagusa nguzo ya huku kisha nguzo ya kule. Unaingia kizimbani, unajibana, unasukuma kimlango kirudi ulikotoka, ndipo upande wa pili unafunguka. Kimetengenezwa makusudi mtu apite na ng'ombe asipite. Fikra nzuri kabisa, kama ng'ombe yuko mbali.

Niliingia kizimbani salama. Nikamtupa mbwa upande wa pili juu ya mbao, lakini kamba bado iko kifundoni, kwa hiyo mkono wa kulia ukaenda naye. Nikashika kimlango kwa mkono wa kushoto, nikasukuma. Hakikwenda. Nikasukuma tena. Kizito. Laini kidogo. Cha moto.

Nikageuka.

Kichwa cha maksai kilikuwa kimeingia kwenye ule mwanya. Chote, mpaka masikio. Kimlango hakiwezi kufunga kwake, kwa hiyo hakiwezi kufungua kwangu. Mkono mmoja unavutwa na mbwa kwenda Wales, mwingine unasukuma geti, mgongo umegandamana na mbao, na kati ya uso wangu na ule uso mweupe hapakuwa na nafasi ya kupitisha Biblia. Pumzi yake ilikuwa ya moto na inanuka majani yaliyochacha. Aliniangalia. Mimi niliyehubiri kwamba ng'ombe ukimwangalia machoni anakujua, nilimwangalia machoni. Kweli alinijua.

Ukatoka ulimi. Wa kijivu, mrefu kuliko inavyohitajika, mkavu kama msasa wa seremala. Ukaanzia kwenye tai. Ukapanda kidevuni, polepole, bila haraka yoyote, ukapita mdomoni (nilikuwa nimefumba, asanteni), ukapita puani, ukaondoka na miwani. Akaitafuna kidogo, akaona haina chumvi, akaitema. Akarudi kwenye kidevu.

Geti la kubusu, ndugu zangu. Wazungu wanapotoa jina hawatanii.

Huko nyuma mzee wa kanisa aliuliza kama akalete ile mashine ya moyo. Hakuwa anafanya mzaha, alikuwa ameshaanza kukimbia. Mtani wangu yeye alikuwa ameshafika chini, ile sehemu ya video inayoonyesha mawingu tu.

Aliyeniokoa ni binti wa miaka kama tisa, mjukuu wa mwenye shamba, ana buti za waridi na kipande cha keki mkononi. Hakukimbia. Alitembea katikati ya kundi huku akisukuma makalio ya ng'ombe kama anapita sokoni, akafika, akamshika yule mnyama sikio. "Gerald," akasema, "toka." Gerald akatoka. Binti akapiga makofi mawili, na wote kumi na wanne wakageuka wakaondoka wamekata tamaa. Halafu akaniambia kwa upole, kama nesi, "Walifikiri una chakula chao."

Gerald. Nimelambwa na Gerald.

Mengine hayana maana. Nilitokea upande wa pili nikaangukia kwenye majani yanayowasha, wakanisugua na majani mengine ya kutuliza, nikapewa chai, nikapewa keki, nikapewa pombe ya matufaha ambayo ndiyo fahari ya mkoa, nikaikubali. Kasisi akasema mpaka wa parishi unapita palepale getini, na kwa desturi sasa mimi ndiye shahidi wake mpaka nizeeke. Wote wakacheka kwa adabu. Waingereza wakicheka kwa adabu inauma zaidi.

Usiku nilisoma sheria zao nikiomba mwenye shamba apatikane na kosa. Ipo sheria ya 1981: fahali wa aina za maziwa aliyezidi miezi 10 haruhusiwi kwenye shamba lenye njia ya watu. Wa nyama anaruhusiwa akiwa na majike. Kuhusu maksai hawakuandika kitu. Bunge zima lilikaa, likatazama, halikuona hatari.

Jumatatu nilikwenda kwa bibi kama kawaida. Video ameshaiona, binti yake alimwonyesha. Ameniuliza tu kama Gerald anaendelea vizuri. Mbwa hataki kukaa chumba kimoja na mimi.

Nikiwa bado jikoni namchemshia chai, baba akapiga kutoka Shinyanga. Hakuna mwangaluka, hakuna habari za kazi.

"Walikuwa wangapi?"

"Kumi na wanne, baba."

"Mafahali?"

Nikanyamaza. Birika likapiga kelele. Nikasema, "Maksai."

Nikasikia anahema. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayepanga mambo ya familia, "Wale wa mahari atawachagua mdogo wako." Akakata simu.