Mama Mkwe Alisukuma kwa Hiari Yake

Kabla hamjaendelea kunirushia vile vikatuni vya kucheka, n'ngojeni niwape habari yenyewe, maana kuna sahibu yangu mmoja (simtaji, anajijua, na ana deni langu) ameshaipika hii hadithi akaiunga na nazi. Ati nilimsukumisha mama mkwe pikipiki pale feri ya Likoni, Mombasa. Uongo! Nilimwambia asisukume. Alisukuma kwa hiari yake.

Tena si mama mkwe bado, ni mtarajiwa, na hapo ndo panaponiuma.

Mwanijua mie, sevisi nafanya mwenyewe. Oili nabadilisha, cheni nakaza, plagi nasugua, fundi wa kazi gani? Sasa mvua hizi maji yakawa yanaingia kwenye tangi, asubuhi pikipiki yakohoa. Nikakata kipande cha tyubu kuukuu, duara safi, nikakibandika na gundi kwa ndani ya kizibo cha tangi. Halipiti tone. Hata picha niliweka hapa mkanisifu, msijifanye mumesahau.

Jumamosi mama ataka kwenda Marikiti kununua viungo, nami mbio mbio, "Mama, n'takupeleka." Tukaondoka Likoni vizuri, tunakaribia feri ikazima. Nikaikokota mpaka ndani, tukavuka, upande wa mjini nikapiga kiki ikawaka papo hapo. Nikamwambia mama ilikuwa joto tu hiyo.

Sasa hapa twende polepole.

Maji yamekupwa, kile kilima cha kutokea feri kimesimama wima. Mama amekaa upande, buibui amelikusanya, kikapu mapajani. Nyuma yetu watu, tuktuk, mikokoteni. Nikatia giya ya kwanza, tukapanda kidogo, injini ikavuma, ikapungua, ikapungua, ikatoa kikohozi kimoja cha adabu, kimya. Halafu tukaanza kurudi nyuma. Breki nimeshika, tairi lateleza, mama nyuma yangu amenyamaza, ile kunyamaza ya mtu anayepiga shahada moyoni. Akashuka mwenyewe. Hakusema neno.

Nikaiweka riziv, yale mafuta ya akiba. Kiki. Wapi. Nikatikisa pikipiki, mafuta nayasikia yacheza ndani, kwa hivo mafuta yapo. Kiki, kiki, kiki nyengine nikaipiga kwa hasira, ndala ikachomoka ikaruka ikatua kwenye mkokoteni wa machungwa. Mwenye machungwa akaiokota, akaigeuza akaitazama soli, akanitazama mimi. Honi zalia. Nami bado nina mdomo, natangaza kwa sauti, "Ni plagi hii, ni plagi tu!" Mguu mmoja uko chini mtupu.

Ndipo nikasikia pikipiki imekuwa nyepesi. Kugeuka, mama amekunja mikono ya buibui, viganja viwili kwenye siti, "Sukuma mwanangu, twawazuia watu." Nikamwambia mama wacha. Akasema, "Nikiwacha itarudi." Umati ukamshangilia, mama juu, mama juu! Na kule juu kabisa, simu imeinuliwa, ndo huyo sahibu yangu. Mikono miwili anayo, yote imeshika simu.

Kufika juu kijana mmoja wa bodaboda hakugusa plagi wala kabureta. Akafungua kizibo cha tangi. Fyuuuu! Likavuta hewa mpaka mama akaruka. Kiki moja, ikawaka. Akakigeuza kizibo, akaichokoa ile tyubu yangu kwa ukucha. "Nani amekuziba hapa?"

"Fundi," nikasema.

Mama akauliza, "Fundi yupi, si wasema wafanya mwenyewe?"

Kumbe kile kitundu kwenye kizibo kina kazi yake. Petroli ikishuka kwenda kwenye kabureta lazima hewa iingie mahali pake. Dafu ukilitoboa katundu kamoja ukaliinamisha, maji si yatoka kwa kwikwi mpaka yakome? Ndo hivo hivo. Ukiisimamisha pikipiki kidogo hewa yapenya polepole, yawaka, mwendo mfupi yazima tena. Kwa hivo wenye pikipiki, yenu ikianza mchezo huo, fungua kizibo kwanza usikie kama yavuta pumzi, plagi baadaye. Na kama ni maji ya mvua, badilisha ule mpira wa kizibo ukichoka, ile tundu muiwache.

Yaliyobaki si mengi. Ndala nilirudishiwa, na chungwa la pole. Mama alichukua tuktuk, nikamfuata nyuma mpaka Marikiti, na kurudi akasema bora azungushwe kwa barabara ya Dongo Kundu, isiyopita feri.

Jana nimempigia kumwamkia, shikamoo mama. Marahaba mwanangu, hamjambo huko? Hatujambo mama.

"Na kizibo nacho hakijambo?"