Tasmania wanarudishiwa nauli ya mzigo. Ukara je?

Watanzania tulioko Australia tukilinganisha huku na nyumbani, mazungumzo huishia kwenye mishahara na hospitali. Nauli ya mzigo haitajwi, na ndiyo inayoamua kama mtu wa pembezoni ataishi kwa nafuu au atanyonywa.

Chukua Tasmania. Ni jimbo la kisiwa, na kila kontena lazima livuke Bass Strait, bahari iliyo kati yake na bara. Tangu 1976 serikali kuu ina mpango wa kusawazisha gharama hiyo. Inachukuliwa gharama ya meli, inatolewa gharama ya kubeba mzigo huohuo kwa lori kana kwamba pale kuna barabara, kisha tofauti inafidiwa kwa ngazi. Kwa miaka mingi kikomo kilikuwa dola 855 kwa kontena la futi 20. Anayelipwa ni mwenye mzigo, baada ya kusafirisha, akiwa na ankara na ushahidi wa malipo. Ankara ikiwa ya mlango hadi mlango, safari za nchi kavu hukatwa kwanza.

Ila tusiusifu kupita kiasi. Mashine na malighafi za kiwandani au shambani zinazotoka bara zimo, lakini sabuni na unga wa kupanga dukani havimo. Mama wa nyumbani Hobart haoni fidia hiyo kwenye risiti yake.

Kwenye jangwa la ndani mbinu ni nyingine: serikali humlipa mwenye ndege ili afike mara moja kwa wiki kwenye makazi ya mbali, abebe barua, chakula, dawa na abiria. Udhaifu wake ni uwanja. Udongo ukilowa, au ng'ombe wakiingia kwa kukosa uzio, ndege haitui, na wiki hiyo imekwenda. Ndiyo maana kuna fungu jingine la kutengeneza viwanja vyenyewe.

Kisha kuna data ya mahali, yaani kujua mzigo au gari liko wapi. Tangu Septemba 2022 Australia na New Zealand zinarusha masahihisho ya setilaiti kupitia SouthPAN. Kosa la kawaida la kupima mahali, mita 5 hadi 10, linaweza kushuka hadi kama sentimita 10, hata pasipo mtandao wa simu. Bara hili husogea takriban sentimita 7 kwa mwaka, kwa hiyo anayechanganya ramani za mfumo wa vipimo wa 1994 na wa 2020 anapata tofauti ya mita 1.8. Kwa malori tatizo ni jingine. Kifaa kikituma mahali kilipo kila dakika, lori la kilomita 90 kwa saa limeshasogea kilomita 1.5. Muda wa safari utaujua. Kama lilisimama kwa tope, kwa foleni au dereva alikuwa analala, hutajua.

Nyumbani vifaa tunavyo. LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, inafuatilia mwenendo wa mabasi, na TRA, mamlaka ya mapato, inaweka lakiri za kielektroniki kwenye shehena za nchi jirani. EWURA, mamlaka ya nishati na maji, hutoa bei kikomo ya mafuta kila mwezi, wilaya kwa wilaya, usafirishaji ukiwa ndani yake. Kwa hiyo umbali wa Kyerwa, wilaya ya pembezoni mkoani Kagera, tumeshaupigia hesabu hadi shilingi ya mwisho, tukamkabidhi mtu wa Kyerwa ailipe.

Ningeanza na Bugolora–Ukara, kivuko cha kwenda kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria. Kila mzigo upimwe uzito kabla ya kupanda kivuko, aina yake iandikwe kwenye tiketi, kisha nauli ilinganishwe na ya lori kwa kilomita zilezile za lami. Kupima kuna faida nyingine ambayo Ukara hawahitaji kuelezwa: MV Nyerere ilipozama hapo Septemba 2018, ikiwa imezidisha sana uwezo wake, walikufa watu zaidi ya 200.

Utaratibu wa kurudishiwa baadaye, kama wa Tasmania, usiletwe. Mchuuzi mwenye mifuko mitano ya saruji hana pesa ya kukaa miezi akisubiri fidia, wala hana ankara. Punguzo litolewe palepale dirishani, na kwanza kwa mbolea, saruji na dawa. Kuna mzigo unaovuka kwa maboti ya watu binafsi bila stakabadhi. Huo utahamia kwenye kivuko wenyewe ukiona nauli imeshuka, na kivuko kilichopo huenda kisiubebe wote.