Wavamizi 19 wasiofika sebuleni

Space Invaders ni gemu ya kupiga kwa mzinga jeshi la wavamizi wanaoshuka kutoka juu ya skrini. Kila linapotajwa toleo lake la Atari 2600, konsoli ya kuchezea nyumbani kwenye televisheni, mbele ya watu wanaojua gemu za zamani, shtaka ni lilelile: hiyo si yenyewe. Picha mbili huwekwa bega kwa bega, kushoto mashine ya sarafu ya kampuni ya Taito ya mwaka 1978, kulia toleo la nyumbani la mwaka 1980, kisha kasoro zinahesabiwa. Taito ina wavamizi 55, safu tano za kumi na mmoja. Atari ina 36, sita kwa sita. Ngao nne za kuukinga mzinga zimekuwa tatu, na maumbo yamekuwa manene kama yaliyochongwa kwa panga. Halafu linaletwa toleo la Super Famicom, konsoli ya Nintendo, la mwaka 1994, jeshi likiwa kamili, na hukumu inatolewa: hilo ndilo gemu, lile la Atari ni mchoro wa mtoto.

Ubishi huu naufuata kwa muda mrefu, na naamini upande mmoja umeonewa. Lakini wanaodai uaminifu nao wana haki yao, na hoja yao haiishii kwenye kuhesabu vichwa.

Gemu ya Tomohiro Nishikado, aliyeibuni kule Taito, ilijaa mambo madogo ambayo kwa mchezaji yaligeuka kuwa ujuzi. Chukua ile sahani ya kuruka inayokatiza juu ya skrini. Aliyeizoea mashine alikuwa akihesabu risasi zake kimoyomoyo, kwa kuwa risasi ya 23 ikiipata sahani inaleta pointi 300, na baada ya hapo kila ya 15. Kwenye Atari sahani ni pointi 200 tu, upige risasi ya ngapi. Sanaa nzima imefutika hapo. Kuna na mwendo. Kwenye mashine ya sarafu jeshi halihami kwa pamoja: anasogea mmoja, halafu jirani yake, halafu wa tatu, kama wimbi linalopita ndani ya safu. Kwenye Atari wote wanaruka mara moja. Mtu aliyemalizia ujana wake mbele ya mashine ile ataiona tofauti hata kabla hajashika usukani. Toleo la 1994 linamrudishia jeshi lake, na linamruhusu kuchagua hata sura: nyeusi na nyeupe kama mashine za mwanzo, au yenye rangi za vile vipande vya plastiki vilivyokuwa vinabandikwa juu ya kioo.

Yote hayo ni kweli. Mimi nauliza jambo moja: wale wavamizi 19 walikwenda wapi?

Mashine ya Taito ilikuwa na kumbukumbu ya skrini nzima. Nukta 256 kwa 224, kila nukta biti moja, na biti nane ni baiti moja: jumla baiti 7,168. Prosesa yake, Intel 8080, ikitaka kumweka mvamizi mahali inaandika mahali pale, na picha inabaki. Atari 2600 ina baiti 128. Si laki, si elfu, ni mia moja ishirini na nane, na humo vinakaa vitu vyote: alama za mchezaji, mahali mzinga ulipo, nani yu hai na nani amekufa, ngao imetobolewa wapi. Ukiihesabu herufi kwa herufi, sentensi iliyotangulia haienei humo. Kumbukumbu ya skrini haipo kabisa. Programu inalazimika kuchora mstari mmoja mmoja wakati mwale wa televisheni unapita, na kubadilisha maumbo upesi kabla mwale haujafika yalipo. Ukichelewa, picha imeharibika.

Na chipu ya picha inakupa vitu vitano tu vya kusogeza: maumbo mawili, risasi mbili na mpira mmoja. Ilibuniwa hivyo kwa sababu mashine ilikusudiwa kwa Pong, gemu ya kurushiana mpira, na mapigano ya vifaru, mtu mmoja huku na mwenzake kule. Rick Maurer, aliyeandika toleo la Atari, alitakiwa atoe jeshi kwa maumbo mawili. Kulikuwa na mlango mmoja: umbo moja linaweza kurudiwa mara tatu kwenye mstari uleule. Mawili mara tatu ni sita.

Hiyo sita ndiyo watu wanaiita uvivu. Kumi na mmoja hawakupunguzwa na mtu asiyejali gemu. Mashine haikuwa na mahali pa kuwaweka. Akabaki na safu pana ya sita, akaongeza kimo: safu nazo zikawa sita badala ya tano, kila moja na bei yake, pointi 5 kwa ya chini kabisa hadi 30 kwa ya juu. Kwa macho yangu hiyo ni kazi ya fundi aliyepewa kitambaa pungufu na bado akatoa vazi linalovalika.

Wanaodai uaminifu wanasahau pia kwamba chanzo chenyewe kilizaliwa na upungufu. Sifa inayofanya Space Invaders ikumbukwe, ile ya wavamizi kuongeza kasi kadiri wanavyopungua, Nishikado hakuipanga mwanzoni. Mashine yake ilikuwa inamsogeza mvamizi mmoja kwa kila picha, na picha ni 60 kwa sekunde. Wakiwa 55, jeshi linahitaji karibu sekunde nzima kupiga hatua moja. Wakibaki kumi, hatua moja ni sehemu ya sita ya sekunde. Akibaki mmoja anapiga hatua kila picha, anakatiza skrini kama amepandwa na wazimu, na mikono yako inaanza kutoa jasho. Ulikuwa udhaifu wa prosesa. Nishikado aliuona, akaupenda, akauacha.

Sasa, kwenye Atari udhaifu huo haukuwepo. Maumbo yanayorudiwa husogea pamoja, wawe wengi au wachache. Kasi isingekuja yenyewe hata siku moja. Ilibidi Maurer aiandike kwa makusudi. Na aliiandika. Yeyote aliyebaki na mvamizi wa mwisho kwenye kaseti ile anaijua hofu yake. Katika vitu vyote ambavyo hakuweza kuvibeba, hiki alikataa kukiacha, na ndicho kilichokuwa moyo wa gemu.

Tena hata hilo toleo linalosifiwa kwa uaminifu lilikata mahali. Skrini ya mashine ya sarafu ilisimamishwa wima, mistari 256 kwenda juu. Super Famicom kwa kawaida inachora 224, kwenye televisheni iliyolala. Mistari 32 haina pa kukaa, kwa hiyo anga kati ya jeshi na mzinga haiwezi kuwa ileile, na anga hiyo ndiyo muda wako wa kuishi. Hakuna anayelishtaki toleo la 1994 kwa hilo, wala mimi silishtaki.

Isitoshe, kufikia wakati huo uaminifu ulikuwa rahisi. Mwaka huohuo wa 1994 Space Invaders ilitoka kwa Game Boy, konsoli ya mfukoni ya Nintendo, na ukiichomeka kaseti hiyo kwenye Super Game Boy, kifaa cha kuchezea kaseti ndogo kwenye Super Famicom, unakuta ndani yake toleo zima la konsoli kubwa. Lilitiwa kama nyongeza ndani ya kaseti ya mfukoni! Nalipenda toleo lile, ila siwezi kulipima kwa mizani ileile na kazi iliyofanywa kwa baiti 128.

Sisemi kwamba kila anayebadilisha amefanya vema. Toleo la kompyuta za Atari, mashine zenye nguvu kuliko 2600, liliondoa ngao zote na kuweka roketi pembeni ambamo wavamizi wanatokea. Bila ngao huna pa kujificha wala cha kulinda, na gemu imebaki mifupa. Hapo lawama inastahili.

Maurer alibadilisha kwa kuongeza. Kaseti yake ina michezo 112, na idadi hiyo haikutolewa hewani. Kuna mambo manne ya kuwasha au kuzima: ngao zinazotembea, mabomu yanayopinda, mabomu ya kasi, wavamizi wasioonekana. Michanganyiko yake ni 16. Izidishe kwa namna saba za kucheza, moja ya mtu peke yake na sita za watu wawili. Kwenye mashine ya sarafu wawili walikuwa wakipokezana tu, mmoja anacheza, mwingine anatazama. Hapa wanaweza kuwa uwanjani pamoja, kila mtu na mzinga wake. Au wanashirikiana mzinga mmoja, huyu anausogeza kulia tu na mwenzake kushoto tu. Au mmoja anaendesha na mwingine anafyatua. Sisi tuliokulia Afrika Mashariki na Famicom za kunakiliwa, kaseti moja ina majina mamia na mengi yanajirudia, tunajua nyumba yenye konsoli moja na watoto watano ilivyo. Kumpa kila mtoto sehemu ya mzinga ni kuielewa sebule, kitu ambacho mashine ya sarafu haikuhitaji kukielewa.

Kwa hiyo anayetaka kuiona gemu ya 1978 ilivyokuwa, achukue la 1994, au sikuhizi aichezeshe ile yenyewe ndani ya kompyuta yake. Anayetaka kuona kazi ya kuhamisha gemu kutoka mashine moja hadi nyingine, sijaona iliyoishinda ya Maurer.

Limebaki jambo moja ambalo nimeshindwa kumtetea. Ngao ya nne, wimbi la safu, wale 19, vyote vina sababu yake kwenye mashine yenyewe. Ile sahani ya pointi 200 sina sababu yake. Kuhesabu risasi za mchezaji kunahitaji baiti moja.